Kaskazi ndiyo mtihani: kupandisha kasi ya kompyuta ya gemu hapa Mombasa

Desemba ikiingia na upepo wa kaskazi ukishika, simu yangu huanza kupokea maswali ya namna moja. Mashine iliyokaa vizuri tangu Julai sasa inajizima katikati ya gemu. Prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyopandishwa hadi 4.1 GHz na kutulia, leo haimalizi hata raundi moja. Wanaouliza ni wapwa zangu, rafiki zao, na vijana wa hapa Kisauni wanaojua kwamba nikishatoka kwenye kazi yangu ya friji na AC, usiku nakaa na kompyuta. Wote nawajibu sawa: mashine uliipima wakati wa kusi, msimu wa ubaridi, sasa imekutana na kaskazi, msimu wa joto.

Maelezo mengi ya kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Chumba chao kina nyuzi 20 au 21, na takwimu zao zote zinaanzia hapo. Sisi Februari na Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ukuta uliopigwa jua kutwa bado unatoa joto. Kipoozeo cha feni hakitengenezi ubaridi. Kinachofanya ni kuhamisha joto kutoka kwenye chipu na kulitupa kwenye hewa ya chumba. Hewa hiyo ikiwa na joto zaidi kwa nyuzi 12, chipu nayo hupanda kwa takribani nyuzi hizo hizo. Mtu wa Ulaya akikuonyesha nyuzi 70 kwenye skrini yake, wewe wa Kisauni mwenye vifaa vile vile utaona 82, na hakuna aliyekosea.

Ndiyo maana nashikilia kwamba huku pwani joto hutolewa kwanza, megahezi (MHz, kipimo cha kasi; 1,000 ndiyo GHz moja) huongezwa baadaye. Anayeanza na megahezi atarudi nyuma tu.

Mashine yangu si ya kutisha. Ni Ryzen 5 2600, prosesa iliyotoka Aprili 2018, yenye viini 6 (cores) na nyuzi 12 za kazi (threads, si nyuzi za joto), kasi ya msingi 3.4 GHz na ya juu 3.9. Mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, ni ya B450, RAM (kumbukumbu ya muda) ni GB 16 vipande viwili, na kadi ya grafiki ni RX 580 ya GB 8 iliyotumika, niliyoagiza kwa mtu wa mtaa wa Luthuli kule Nairobi ikaja kwa basi. Nilichagua Ryzen kwa makusudi. AMD waliziacha Ryzen zote za mezani za kizazi kile wazi, mtu abadilishe kizidishi apendavyo, na mazabodi ya B450 inaruhusu. Kwa Intel wa wakati ule ungehitaji prosesa yenye herufi K na mazabodi ya Z, na vyote viwili vina bei yake.

Kizidishi chenyewe ni jambo jepesi. Mazabodi ina mpigo wa msingi wa 100 MHz, na prosesa huuzidisha: mara 34 unapata 3.4 GHz, mara 40 unapata 4.0. Zamani mchezo ulikuwa mwingine. Wakubwa wataikumbuka Celeron 300A ya mwaka 1998: kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5, hivyo watu waliupandisha mpigo wa msingi wenyewe kutoka 66 hadi 100 MHz, na prosesa ya bei ya chini ya 300 MHz ikaenda 450. Nyongeza ya nusu nzima! Siku hizi viwanda vimekwisha kukamua sehemu kubwa ya uwezo kabla hujafungua boksi. Tunachogombea ni kile kidogo kilichobaki, na ndiyo sababu kinafaa kugombewa kwa akili.

Hesabu ya joto ndiyo ninayotamani kila kijana aielewe kabla ya kuingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mazabodi unaofunguliwa kabla ya Windows. Joto linalozalishwa na prosesa, yaani wati zake na si nyuzi za kwenye skrini, hupanda sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa mraba wake. Chukua 2600 inayokimbia 3.6 GHz viini vyote kwa volti 1.20. Uipeleke 4.0 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 11. Joto, piga mwenyewe: 1.35 gawanya kwa 1.20, zidisha kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 1.11. Unapata karibu 1.4. Umelipa asilimia 40 ya joto kwa asilimia 11 ya kasi. Mwenye chumba cha nyuzi 21 anaweza kulipa bila kuhisi. Mwenye pangaboi linalozungusha hewa ya moto atahisi.

Basi likizo ya Desemba iliyopita mpwa wangu alinipigia. "Shikamoo mjomba. Kompyuta yangu inafika nyuzi 91 na sijagusa kitu." Nikamwambia asiguse kweli, nitakuja nayo begi ya kazi.

Kwenye begi hiyo kuna kipimajoto cha waya, kile tunachokitumia kulinganisha hewa inayoingia na inayotoka kwenye AC. Nikakuta kasha la kompyuta limetiwa ndani ya kabati la TV, uso wa kioo umeelekea mlango wa kabati, mgongo umebana ukuta. Nikatundika ncha ya waya sentimita chache mbele ya feni ya kuingiza hewa. Chumba kilikuwa na nyuzi 31. Hewa iliyokuwa ikiingia kwenye kasha ilikuwa 38. Mashine ilikuwa inavuta pumzi yake mwenyewe: hewa iliyotoka nyuma ilizunguka ndani ya kabati ikarudi mbele. Tukalitoa, tukaliweka juu ya meza, mgongo ukae kiganja kimoja na nusu kutoka ukutani, kisha tukasubiri huku gemu inaendelea. Kipimo cha mbele kikashuka hadi 31, na prosesa ikashuka nayo, nyuzi kwa nyuzi. Hakuna pesa iliyotoka mfukoni. Kijana alikuwa ameshaanza kutafuta kipoozeo cha maji.

Kipimo hiki mtu yeyote anaweza kukifanya hata kwa kipimajoto cha bei ndogo. Hewa inayoingia ikiwa na joto kuliko chumba kwa zaidi ya nyuzi mbili tatu, tatizo ni njia ya hewa, na kipoozeo chochote utakachonunua kitahangaika vile vile.

Kisha kuna vumbi letu. Vumbi la bara hupulizwa likaruka. La pwani limeshika unyevu na chumvi, na hujenga tabaka la kunata kwenye mapezi ya kipoozeo na kwenye mabawa ya feni. Naliona kila siku kwenye kondensa za AC za nyumba zilizo karibu na bahari. Pampu ya hewa peke yake haiwezi. Natumia brashi laini ya rangi, nazuia feni kwa kidole isizunguke, nasugua pole pole kufuata mapezi, halafu ndiyo napuliza. Naifanya kabla kaskazi haijaanza na tena katikati yake. Vichujio vya mbele nikiviosha huvianika vikauke kabisa, maana unyevu ukiingia mle ndani na chumvi yake, kutu ya kijani kwenye viungo haikawii.

Kipoozeo kilichokuja na 2600, kile kifupi cha alumini, kinatosha kwa kasi ya kiwandani. Kwa kupandisha kasi hapa kwetu sikishauri. Tafuta cha mnara chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, hata kilichotumika. Wakati wa kukitoa kile cha zamani, tahadhari moja: prosesa za soketi ya AM4, kama hii, zina miguu 1,331 chini yake, na pesti (krimu ya kupitisha joto) iliyokauka huigandisha prosesa kwenye kipoozeo. Ukivuta moja kwa moja juu, prosesa inang'oka pamoja nacho huku lachi bado imefungwa, na miguu inapinda. Washa gemu kwanza dakika kadhaa pesti ipate moto, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu kwa mshazari, kisha zungusha kipoozeo kushoto na kulia mpaka ukisikie kimeachia. Hapo ndipo unakiinua.

Joto likishakaa mahali pake, mimi huanzia RAM. Wengi hushangaa. "Mjomba, kwani RAM nayo hupandishwa?" Hupandishwa, na mara nyingi imelala tangu siku ulipoinunua. Kipande kimeandikwa 3200 kwenye stika, lakini usipoingia BIOS na kuwasha XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, mazabodi nyingi hukikimbiza 2133 au 2400 kwa usalama. Angalia sasa hivi kwenye Windows, ukurasa wa Utendaji (Performance) wa Task Manager, utaona kasi halisi.

Kwa Ryzen za kizazi hiki jambo hili ni kubwa kuliko kizidishi. Viini 6 vya 2600 vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, na makundi hayo huongea kupitia njia ya ndani ambayo mwendo wake umefungwa na mwendo wa RAM, nusu ya ile namba ya stika. RAM ya 2133, njia inakwenda 1066 MHz. RAM ya 3200, njia inakwenda 1600. Unaharakisha RAM na prosesa kwa mkupuo mmoja, na joto linaloongezeka ni dogo sana. Kwenye Counter-Strike 2, ambayo hulemea prosesa sana, wastani wa fremu zangu (picha zinazochorwa kila sekunde) ulipanda, lakini kilichonifurahisha ni fremu za chini, zile za wakati moshi umetanda na watu wote wako mahali pamoja: zilitoka hamsini na kitu hadi sitini na kitu kwa sekunde. Kukwama kule ndiko kunakokuua, na ndiko kulikopungua.

Vipande viwe viwili, vikae kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kimoja peke yake, hata kiwe cha GB 16, kinakunyima nusu ya upana wa njia. Na kabla hujaiamini RAM iliyopandishwa, ipitishe kwenye MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mzima. Prosesa ikishindwa huzima, unajua. RAM ikikosea kidogo kidogo haikwambii: inaandika makosa kwenye mafaili, picha za harusi ya dada yako zinaharibika, Windows inaoza polepole. Mimi hapa siruhusu hata kosa moja.

Prosesa sasa. Weka kizidishi 38, volti 1.25, ingia Windows, fungua programu ya HWiNFO uone nyuzi, endesha OCCT, programu ya kuilemea prosesa, saa nzima. Ikikaa, panda kwa robo ya kizidishi, yaani 25 MHz. Isipokaa, ongeza volti kidogo au rudi ulikotoka. Silikoni haifanani: 2600 moja itafika 4.1, pacha wake wa kiwanda kile kile atagoma 3.95, na hakuna ujuzi utakaombadilisha. Kwa matumizi ya kila siku mimi sivuki volti 1.35. AMD wanataja nyuzi 95 kuwa mwisho wa prosesa hii, lakini mpaka wangu ni 80 wakati wa jaribio zito, na jaribio hilo nalifanya alasiri, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote. Anayepima saa tisa usiku baada ya mvua anajipimia usiku ule tu.

Mazabodi ikigoma kuwaka kabisa, wala usikimbilie fundi. Zima, chomoa waya wa ukutani, toa ile betri ya duara ya CR2032 dakika chache, irudishe. BIOS inasahau yote uliyoiambia na kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani.

Kwenye kadi ya grafiki nafanya kinyume: nashusha. RX 580 hutoka kiwandani na volti nyingi kuliko inavyohitaji, ili hata chipu dhaifu ya kundi iweze kukimbia. Yangu ilikuwa kwenye milivolti 1150 kwa 1340 MHz. Nikaishusha hatua kwa hatua kwenye programu ya AMD Adrenalin hadi 1060, kasi ile ile. Kwa hesabu ya mraba, hiyo ni karibu asilimia 15 ya joto la chipu iliyoondoka bure. Feni zikapoa, na kadi ikaacha kujipunguzia kasi mchana. Wakati wa kaskazi, kushusha volti ndiko kupandisha kasi, maana kadi iliyokuwa ikijibana sasa inakaa kwenye kasi yake kamili muda wote.

Hizi kadi nyingi zilizojaa sokoni zilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, hasa baada ya Septemba 2022 mtandao ule ulipoacha kabisa uchimbaji wa kadi. Siwaogopeshi watu nazo. Wachimbaji wengi walizikimbiza kwa volti za chini, na chipu hazina shida. Kinachochoka ni feni na pesti. Yangu nilipoifungua, zile skrubu nne zenye springi zinazoizunguka chipu, pesti ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa bwawa wakati wa kiangazi. Nikafuta kwa spiriti, nikatia mpya, nikabadilisha pia pedi za kupitisha joto za RAM ya kadi zilizokuwa zimeshindwa kujibonyeza. Kitu cha kuangalia zaidi ni BIOS ya kadi, kwa sababu wachimbaji waliibadilisha ili RAM ya kadi iende wanavyotaka wao. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo ubavuni ya BIOS ya pili. Jaribu upande huo kwanza.

Na ukipandisha RAM ya kadi, usiridhike kwa kuwa gemu haijazima. Kadi hizi, zenye RAM ya aina ya GDDR5, zikipata kosa hurudia kutuma data. Hakuna mistari kwenye skrini, hakuna kuzima, lakini fremu zinapungua. HWiNFO ina mstari unaohesabu makosa ya RAM ya kadi. Yangu kwa 2100 MHz ilibaki sifuri. Nilipoisogeza mbele zaidi namba ikaanza kukimbia na fremu zikashuka. Nikarudi 2100 nikaiacha hapo.

Baada ya yote hayo, mashine yangu ina mipangilio miwili iliyohifadhiwa ndani ya BIOS, na nimeipa majina yake. KUSI ni 4.0 GHz kwa volti 1.35. KASKAZI ni 3.8 kwa volti 1.225. Tofauti ya kasi ni asilimia 5, ambayo kwenye gemu siihisi hata nikiitafuta. Tofauti ya joto ni zaidi ya asilimia 20. Aprili mvua za masika zikianza nageuza huku, Novemba mwishoni nageuza kule. Ramadhani ya miaka hii imeangukia ndani ya kaskazi, na vijana hucheza tangu baada ya tarawehe hadi daku, saa nyingi mfululizo katika nyumba isiyopoa. Mpangilio usiohimili usiku huo haufai kuitwa umetulia.

Mpwa wangu naye ana 2600. Tulipomaliza, yake ilitulia kwenye 3.85 ikiwa na nyuzi 74, ndipo akaniuliza kama tununue kipoozeo kikubwa zaidi tuisukume. Nikamkatalia. Mazabodi yake ya B450, ikisasishwa BIOS, inapokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022. Ile, bila kuguswa chochote na kwa wati zile zile 65, inaipita 2600 yoyote tutakayoikamua. Pesa ya kipoozeo aiweke kando kwa ajili hiyo. Amekubali, na ile 2600 yake ameshamuahidi mdogo wake, ambaye kwa sasa anachezea kompyuta ya ofisi ya zamani isiyo na kadi. Nimemwambia nitamtafutia kasha lenye uso wa wavu.